Matairi ya A/T kwa 4x4 ya kila siku: anza na lami yenye maji

Gari la 4x4 linalokwenda kazini kila asubuhi na kuingia porini mwisho wa wiki linalibebesha tairi moja kazi mbili zinazogombana. Kwenye tope tairi linataka meno makubwa yaliyoachana, ili yachimbe kisha yajisafishe. Kwenye lami iliyoloa linataka kinyume chake: mpira mwingi unaogusa barabara, tena mpira laini kiasi, wenye mikato midogo midogo ya kuvunja utando wa maji. Tairi la A/T, yaani la ardhi zote, ni maafikiano kati ya mahitaji hayo, na kila kiwanda kimeafikiana kivyake. Yapo A/T ambayo ni matairi ya lami yaliyoongezewa mabega (kingo za uso wa tairi) ya kuvutia, na yapo ambayo yamebakiza hatua moja tu yawe matairi ya matope. Herufi ubavuni ni zilezile mbili.

Seti yangu ya kwanza niliichagua kwa macho. Meno makubwa, ubavu mnene, daraja la mzigo la juu kabisa, kwa gari ambalo siku tano kati ya saba lilinibeba mimi peke yangu na begi la kazini. Porini yalikuwa hodari. Jioni moja ya mvua, taa ziligeuka nyekundu mbele yangu, nikakanyaga breki kama kawaida, na gari likaendelea kuteleza mpaka katikati ya makutano. Hakuna aliyeumia. Lakini nilikaa pale na moyo ukidunda, na niliyatazama yale matairi kwa namna nyingine tangu siku hiyo. Kwa gari la kila siku, swali la kwanza ni hili: litasimama wapi kwenye lami yenye maji? Yote yaliyomo humu chini yanafuata swali hilo.

Hatua ya 1: Hesabu safari zako kama zilivyo

Chukua mwezi mmoja. Andika kila safari: kilomita ngapi za lami, ngapi za changarawe, ngapi za tope, mchanga au mawe, na gari lilibeba nini. Usiandike safari unayoitamani, andika uliyoifanya. Watu wengi wanaofanya zoezi hili kwa uaminifu hugundua kwamba lami imekula zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi.

Kama wewe ni mmoja wao, unatafuta A/T pole, iliyoegemea lami. Kama nusu ya kilomita zako ni changarawe, hapo mpira usiomegeka ovyo na ubavu imara vinapanda thamani. Kama kila siku unapita kwenye tope zito lisiloepukika, A/T itakuangusha. Tazama matairi ya matope, au yale yaliyo katikati ambayo viwanda huyaita R/T, ukijua kwamba utalipia kwa kelele na kwa umbali wa breki. Na kama mwezi mzima umeisha bila kuacha lami, tairi la lami lenye ubora litakufaa kuliko A/T yoyote. Gari kuwa na 4x4 hakulilazimishi kuvaa matairi ya porini.

Hatua ya 2: Soma kibandiko cha mlangoni, kisha ubavu wa tairi

Fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya mlango kuna kibandiko kinachotaja saizi ya tairi la kiwandani na upepo wake. Kipige picha, kwa sababu huo ndio msingi wa kila hesabu.

Sasa nenda kwenye ubavu wa tairi. Tuseme pameandikwa 265/65R17 112T. Namba 265 ni upana kwa milimita. 65 inasema urefu wa ubavu ni asilimia 65 ya upana huo. R ni muundo wa radiali, ambao karibu kila tairi la leo linao. 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Hadi hapo wengi wanajua, na wengi wanaishia hapo.

Yaliyobaki ndiyo yanayobeba roho zenu. 112 ni kiwango cha mzigo: tairi moja linaweza kubeba kilo 1,120 likiwa na upepo wake kamili. 108 ni kilo 1,000, 110 ni kilo 1,060, 115 ni kilo 1,215, 116 ni kilo 1,250. T ni mwendo wa juu wa kilomita 190 kwa saa. S ni 180, R ni 170, Q ni 160, na H ni 210. Usishuke chini ya kiwango cha mzigo cha kiwandani, hata kwa namba moja. Herufi ya mwendo nayo isishuke chini ya ile aliyoiweka mtengenezaji wa gari, isipokuwa pale ambapo yeye mwenyewe na sheria ya barabara unayoendesha wanaruhusu. Herufi hiyo haihusu kukimbia tu, inahusu joto ambalo tairi linaweza kulistahimili, na joto ndilo linaloua matairi.

Hatua ya 3: Amua ujenzi wa tairi kabla ya kutazama meno

Hapa ndipo pesa nyingi na starehe nyingi hupotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Matairi ya A/T yanapatikana katika familia mbili. Moja ni ya magari ya abiria na 4x4 za kawaida. Hii ama haina herufi mbele ya saizi ama ina P, na nguvu yake ni SL, yaani ya kawaida, au XL, iliyoongezwa. Nyingine ni ya malori madogo, yenye herufi LT mbele, kwa mfano LT265/70R17 121/118S. Kwenye LT utaona namba mbili za mzigo: ya kwanza ni ya tairi likiwa peke yake upande mmoja, ya pili ni ya matairi mawili yaliyobanana kwenye ekseli ya nyuma, kama kwenye lori. Kwa gari lako soma ya kwanza.

LT hugawanywa tena kwa madaraja ya mzigo: C, D, E. Mafundi wengi huyataja kwa plai, yaani tabaka: sita, nane, kumi. Kumbuka kwamba plai kumi ni jina la kiwango cha nguvu lililobaki kutoka zama za nyuzi za pamba. Ukilikata tairi hilo hutakuta tabaka kumi. Tabaka halisi zimeandikwa ubavuni kwa herufi ndogo, panapotajwa TREAD na SIDEWALL. Tafuta mstari huo. Kwa kawaida chini ya meno pana mikanda miwili ya chuma pamoja na nyuzi za polista na nailoni, ila ubavuni hakuna chuma, ni polista peke yake, tabaka mbili au tatu. Ndiyo maana jiwe kali porini hulichana tairi ubavuni kuliko usoni, na ndiyo maana mwenye kupita kwenye mawe mara kwa mara hulipia kwa furaha ile tabaka ya tatu.

Basi kwa nini kila mtu asichukue LT ya daraja E? Kwa sababu ugumu una gharama. Tairi la daraja E linaweza kuzidi mwenzake wa SL wa saizi ileile kwa kilo 4 au 5. Zidisha kwa manne. Uzito huo uko chini ya springi, unazunguka, na kila shimo unalopita unaupiga mwili wa gari. Usukani unachelewa kujibu, breki zinafanya kazi zaidi, mafuta yanakwenda zaidi. Gari tupu lenye ubavu wa daraja E linadundadunda kwenye barabara mbovu, na gurudumu linalodunda haliwezi kushika breki.

Kuna jambo lingine linalowanasa hata waangalifu. Ile 121, yaani kilo 1,450, inapatikana tairi la E likiwa na psi 80 (psi ni kipimo cha upepo). Ukilijaza upepo wa kibandiko cha mlangoni, tuseme psi 33, linabeba kidogo sana kuliko namba yake, na linaweza kubeba kidogo kuliko tairi la kiwandani lililokuwa na upepo uleule. Mtu anafunga matairi "magumu zaidi", anajaza upepo wa zamani, kisha anashangaa mabega yanakatika na tairi linapata moto. Ukihama kutoka tairi la kawaida kwenda LT, upepo lazima upande. Mara nyingi ongezeko ni kati ya psi 5 na 10, lakini usikisie: muuzaji anayejua kazi yake ana jedwali la mzigo na upepo la saizi hiyo, na muuzaji asiyelijua jedwali hilo asikuuzie LT.

Ushauri wangu ni huu. Familia, mizigo ya kawaida, lami nyingi na changarawe ya wastani: chukua SL au XL. Mawe makali mara kwa mara, au safari ndefu mbali na msaada: LT ya daraja C, kama saizi yako ipo. Trela nzito, bodi iliyojaa zana kila siku, hema la juu ya paa na matangi ya maji: hapo E ina kazi yake halali. Wengi wanaonunua E hawako kwenye kundi hili la mwisho.

Na uwe mwangalifu na majina. Falken Wildpeak A/T3W iliuzwa katika ujenzi wa abiria na wa LT kwa jina hilohilo. Cooper walitenganisha Discoverer AT3 yao kuwa 4S, LT na XLT, na kila moja ni tairi la tabia yake. Rafiki akikuambia "hayo matairi ni magumu kama ubao", muulize saizi gani na ujenzi gani. Huenda anazungumzia tairi ambalo wewe hutalifunga kamwe.

Hatua ya 4: Saizi. Ukiweza, baki na ya kiwandani

Kuongeza saizi kunavutia, na wakati mwingine kunasaidia kweli. Lakini fanya hesabu kwanza. Zidisha upana kwa asilimia ya ubavu, zidisha kwa mbili, kisha ongeza kipenyo cha rimu kwa milimita. Inchi moja ni milimita 25.4.

265/65R17: 265 × 0.65 × 2 ni 344.5, 17 × 25.4 ni 431.8. Jumla milimita 776.3.
265/70R17: 371 na 431.8. Jumla milimita 802.8.

Tofauti ni milimita 26.5, kama asilimia 3.4. Gari limepanda nusu ya hiyo tu, milimita 13, kwa sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Kwa kubadilishana, spidomita ikisoma 100 unakwenda karibu na 103.4 ukilinganisha na ulivyokuwa ukienda zamani kwa usomaji huohuo. Injini inavuta gurudumu refu zaidi mlimani, na breki zinasimamisha gurudumu lenye mkono mrefu zaidi. Asilimia 3 ni mpaka ambao mafundi wengi huuheshimu, na naona ni mpaka wa busara kwa gari la kila siku. Ukifika 285/70R17, karibu milimita 831, umepita asilimia 7. Hapo si suala la matairi tena, ni mradi wa gari zima.

Kabla ya kupanda saizi, geuza usukani hadi mwisho kulia na kushoto, upime nafasi kati ya tairi na plastiki ya ndani, madgadi, na mkono wa juu wa saspenshoni. Kumbuka kwamba springi ikibanwa kwenye shimo nafasi hiyo hupungua sana. Tazama pia kama rimu yako inafaa: 265/65R17 kwa kawaida hukubali rimu za upana wa inchi 7.5 hadi 9.5. Kisha kagua kama tairi la spea litaingia pale linaponing'inia. Nimeona gari lenye matairi manne mazuri ya saizi mpya na spea ya saizi ya zamani, kwa kuwa mpya lilikataa kuingia chini ya bodi.

Kuhusu upana: pana si bora kwa kila kitu. Tairi pana huelea kwa urahisi zaidi juu ya maji ya barabarani, na kwenye tope jepesi lenye ardhi ngumu chini yake, jembamba hukata hadi likapata mshiko. Mchangani kinachokuokoa ni urefu wa alama ya tairi ardhini, na urefu huo unaupata kwa kupunguza upepo.

Hatua ya 5: Sasa tazama meno, kwa vidole

Usitazame kwa macho tu. Weka mkono juu ya tairi.

Anza na mikato myembamba iliyo juu ya meno, ile inayofanana na kiwembe kimepita. Hiyo ndiyo inayoshika lami iliyoloa na theluji. Meno makubwa yasiyo na mikato hiyo ni mazuri tope likiwa zito, na ni ya kuogopa mvua ikinyesha. Ingiza ukucha uone mikato inashuka hadi wapi. Mingine ni mapambo ya milimita chache: tairi likifika nusu ya maisha yake, mikato imekwisha, na umebaki na vipande laini vya mpira juu ya maji.

Tazama mstari wa katikati. Meno ya katikati yaliyoshikamana, au yaliyounganishwa na daraja dogo la mpira kati yake, hutulia kwenye lami na huchakaa sawasawa. Yaliyoachana sana huyumba unapofunga breki. Mabega ndiyo mahali pa kuwa na nafasi kubwa, maana ndiko mvutano wa tope na mchanga unakotokea. Kati ya meno tafuta vinundu vidogo chini ya mifereji: kazi yake ni kutema mawe yasije yakatoboa kuelekea kwenye mikanda ya chuma.

Sukuma jino moja kwa kidole gumba. Likipinda kwa urahisi, litapinda pia kwenye kona. Kisha linganisha ukubwa wa meno ukizunguka tairi. Yanayotofautiana kidogo kwa mpangilio yamepangwa hivyo ili sauti zake zisilingane zikawa mvumo mmoja. Hakuna A/T isiyo na sauti, lakini kuna zinazokuacha uzungumze na mtoto aliyekaa nyuma.

Kina cha meno cha A/T mpya mara nyingi ni milimita 10 hadi 14, wakati tairi la lami lina 8 au 9. Kina kikubwa si faida tupu. Jino refu huyumba zaidi, hupata joto zaidi, na huongeza umbali wa breki kwenye lami kavu likiwa jipya.

Hatua ya 6: Tafuta ushahidi wa breki kwenye maji

Kila mwamba ngoma huvutia kwake, na kila kiwanda kinasifu tairi lake. Kwa hiyo tafuta vipimo vilivyofanywa na watu wasiouza matairi, ambapo gari moja, barabara moja, matairi kadhaa, na umbali wa kusimama umepimwa kwa mita. Soma safu ya breki kwenye maji kabla ya safu ya tope. Mita tano kwenye maji ni tofauti ya kusimama nyuma ya gari la mbele au ndani yake.

Umoja wa Ulaya unalazimisha lebo kwenye matairi mengi, na tangu Mei 2021 lebo hiyo ina daraja la mshiko kwenye maji kuanzia A hadi E, daraja la matumizi ya mafuta, na kelele kwa desibeli. Hata kama hununui Ulaya, saizi yako ikiuzwa huko pia unaweza kulinganisha. A/T nyingi haziko kwenye A. Kati ya mbili unazozipenda, moja ikiwa na daraja C na nyingine E, sioni sababu ya kuchukua E kwa gari linalopeleka watoto shule.

Alama za theluji nazo zisomwe vizuri. M+S, yaani matope na theluji, ni tamko la kiwanda kuhusu umbo la meno, halithibitishi kipimo chochote. Mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake unamaanisha tairi limepita kipimo cha mshiko kwenye theluji. Hata kama huishi penye theluji alama hiyo ina habari ndani yake: mara nyingi ina maana tairi lina mikato ya kutosha na mpira usiokakamaa kwenye baridi.

Hatua ya 7: Nunua yote pamoja, na usome tarehe

Manne kwa mpigo, na matano kama spea yako ni saizi kamili. Kwa 4x4 hili si jambo la urembo. Tuseme tairi moja ni jipya lenye kina cha milimita 11 na lingine limebaki na 4. Nusu kipenyo zinatofautiana kwa milimita 7, na mzingo kwa karibu milimita 44. Tairi la saizi tuliyoihesabu huzunguka kama mara 410 kwa kilomita, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi yanaachana kwa mita 18 hivi kila kilomita. Gari linaloendesha magurudumu manne muda wote litalazimisha tofauti hiyo iishie ndani ya difu ya kati au kwenye klachi ya transfa (sanduku linalogawa nguvu kati ya mbele na nyuma), na huko inageuka kuwa joto. Transfa ni ghali kuliko seti ya matairi. Soma kitabu cha gari lako: baadhi ya watengenezaji hutaja tofauti wanayoivumilia, na ni ndogo sana.

Kwenye ubavu, baada ya herufi DOT, tafuta namba nne za mwisho. 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Upande mmoja wa tairi unaweza kukosa namba hizo, basi geuza. Tairi lililokaa mwaka mmoja ghalani penye kivuli halina kasoro. Lililokaa minne likiota jua mlangoni limeanza kukakamaa kabla hujalilipia. Niliwahi kuletewa matano ambayo mawili kati yake yalikuwa na miaka minne, na niligundua nyumbani, baada ya kufungwa. Sasa nasoma kila moja yakiwa bado sakafuni. Watengenezaji wengi hushauri ukaguzi wa kila mwaka tairi likifikisha miaka mitano na kuliondoa likifika kumi, hata kama meno bado yapo.

Hatua ya 8: Kufunga na upepo

Dai balansi kwa kila gurudumu na alaimenti ya gari zima siku hiyohiyo. Valvu ziwe mpya. Nati za magurudumu zikazwe kwa spana ya kipimo kulingana na kitabu cha gari, na uzikaze tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Kilomita mia kadhaa za mwanzo endesha kwa upole, hasa mvua ikinyesha, kwani uso wa tairi jipya una mabaki ya utelezi ya kiwandani.

Upepo upimwe tairi likiwa baridi, kabla ya kuondoka. Likishapata moto hupanda psi kadhaa, na ukipunguza wakati huo utakuwa na upepo mdogo asubuhi. Kwa SL na XL za saizi ya kiwandani, anza na kibandiko. Kwa LT, anza na jedwali, kisha jihakikishie kwa chaki: chora mstari mpana wa chaki kukatiza meno, endesha taratibu mita mia moja kwenye lami tambarare, uone ilipofutika. Ikifutika katikati tu upepo umezidi. Ikifutika mabegani tu, umepungua. Chaki inarekebisha, haichukui nafasi ya jedwali, na usishuke chini ya kile ambacho mzigo wako unadai. Namba kubwa ya psi iliyoandikwa ubavuni ni kikomo cha tairi, haijawekwa ili uijaze.

Porini punguza. Kwa 4x4 ya wastani yenye psi 35 barabarani, kwenye changarawe ndefu naanzia 28 hivi, na mchangani 16 hadi 18, mwendo chini ya kilomita 40 kwa saa na bila kukata kona kwa ghafla, maana chini ya 15 tairi linaweza kuvuka ukingo wa rimu. Gari zito litahitaji zaidi. A/T pole yenye upepo uliopunguzwa vizuri hupita mahali ambapo A/T kali yenye upepo wa lami inachimba kaburi lake. Kwa hiyo bajeti ya matairi iwe na nafasi ya kipimo cha upepo na pampu ndogo ya umeme wa gari, kwa sababu hupaswi kurudi lami kabla ya kurudisha upepo. Tairi lililolegea kwenye mwendo wa barabara kuu hupata joto ndani ya dakika chache.

Zungusha matairi, yaani yabadilishane nafasi kwenye gari, kila kilomita 8,000 hadi 10,000, spea ikiwemo. A/T huongeza kelele zaidi kwa uchakavu usio sawa kuliko kwa umri. Pitisha kiganja juu ya meno kuelekea mbele, kisha kurudi nyuma: ukihisi ncha kali upande mmoja kama msumeno, zungusha mapema na ukague alaimenti. Pancha izibwe usoni tu, kwa kiraka cha ndani, na tundu lisizidi milimita 6. Ubavu uliochanika hauzibwi, hata fundi akikuhakikishia vipi.

Nunua pia kipimo kidogo cha kina cha meno. Sheria za nchi nyingi zinasema milimita 1.6, lakini uwezo wa kutoa maji huanza kushuka haraka kuanzia milimita 4 hivi, na kwa gari zito kama 4x4 mimi nayaondoa hapo. Pima katikati na mabegani, mara moja kwa mwezi, na uandike namba kwenye karatasi ileile uliyoanza nayo kuhesabu safari.